Makupa maji yamefunguliwa, Takaungu je?

Wasee wa Pwani, mkipita daraja la Makupa huwa mnapiga selfi tu? Pale kulikuwa na tuta tangu 1929, mawe na udongo ndani ya bahari, maji yakazibwa yasizunguke kisiwa cha Mombasa. Zaidi ya miaka 90! Mwaka 2022 daraja jipya likafunguliwa, tuta likachimbwa, maji yakapita. Hongera, nasema kwa moyo. Lakini pesa zilitoka kwa Mamlaka ya Bandari, na bandari ikitaka njia huwa haisubiri sana.

Sasa sisi. Barabara ya Mombasa–Malindi inapanuliwa hadi Kilifi. Mimi naitaka, ajali zimetuchosha. Ila mama wa mahamri pale steji ya Takaungu atahamia wapi? Hana hatimiliki. Fidia yake itaandikwa kwa jina la nani? Na watoto wa shule watavukaje, mbio mbio mbele ya malori?

Kikao cha maoni kikiitwa twendeni, vijana. Tukiwaachia wazee peke yao watapewa soda, watie sahihi, warudi nyumbani. Nani anakuja?