Mwacheni mwanafunzi atumie pesa zake!

Haya waungwana, leo sina habari ya simu mpya wala programu mpya. Leo nina ugomvi. Nimekaa nao moyoni tangu mwaka uanze na sasa nautoa, atakayenuna na anune.

Ugomvi wangu ni na hii dini mpya iitwayo "wekeza". Ukifungua simu, wekeza. Ukienda matanga, kuna mtu atashika kipaza sauti aseme vijana wawekeze. Ukipanda matatu ya kutoka Kitale kuja Tongaren, kijana aliye nyuma yako anamweleza mwenzake jinsi ya kuuza na kununua dola kwa simu usiku wa manane. Na wanaohubiriwa sana si wenye mali. Ni wanafunzi, watu ambao mfuko wao una elfu mbili na tundu.

Kijana wa jirani yetu hapa Tongaren amemaliza kidato cha nne na amepata nafasi Chuo Kikuu cha Kibabii kusomea sayansi ya kompyuta. Miezi ya kungoja chuo hakulala: amepalilia mashamba ya watu, amepukuchua mahindi, amebeba maziwa kwa pikipiki alfajiri. Ameweka shilingi 24,000. Mjomba wake anasema akodishe ekari moja ya mahindi. Rafiki yake anasema forexi. Dada yake aliye Nairobi anasema aziweke kwenye mfuko wa soko la fedha zizae. Akaja kwangu: "Kaka, niziweke wapi?"

Nikamwambia, "Usiziweke. Nunua laptopu."

Yeye alicheka. Mama yake hakucheka. "Mwanangu, wewe ndiye tuliyekutuma shule, na sasa unamfundisha mtoto kutapanya?" Mama, kwa heshima zote, haya ndiyo majibu yangu. Na wale wahubiri wasome pia.

Kwanza hesabu, maana hesabu haina mjomba wala shangazi.

Chukua zile 24,000. Tuseme mfuko wa soko la fedha unalipa asilimia 10 kwa mwaka. (Kiwango hupanda na kushuka, lakini 10 ni rahisi kuhesabu.) Mwaka mmoja ni riba ya 2,400. Serikali inakata kodi ya asilimia 15 kwenye riba hiyo, yaani 360. Unabaki na 2,040. Gawa kwa miezi kumi na miwili: shilingi 170 kwa mwezi. Mia na sabini! Hiyo ni chakula cha siku moja kantini, labda na chai.

Utaniambia, ngoja kaka, riba huzaa riba. Sawa, tungoje. Miaka minne yote ya chuo, bila kugusa hata senti, zinafika kama 33,260. Faida ni 9,260 hivi kwa miaka minne. Mimi nikiwa mwaka wa pili niliandika tovuti ndogo ya duka la agroveti mjini Kitale, kurasa tano tu, nikalipwa elfu kumi. Ilinichukua wiki mbili za jioni. Na niliiandika kwa laptopu kuukuu iliyokuwa imepasuka kona moja.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa mmoja tunaoujua vizuri: mtu anakesha akiongeza kasi ya programu ambayo bado haifanyi kazi yoyote. Kutafuta riba nzuri ya 24,000 ni ugonjwa ule ule. Riba ni kuzidisha, na ukizidisha kitu kidogo unapata kitu kidogo. Mwanafunzi hana tatizo la riba. Tatizo lake ni kipato, na kipato hakiongezwi na riba, kinaongezwa na kile unachojua kufanya kwa mikono yako.

Sasa twende kwa mjomba na ekari yake. Mimi ni mtoto wa Tongaren, sitacheka mahindi. Huku ni nchi ya skimu, mashamba ya walowezi yaliyokatwa na kugawiwa wananchi miaka ya uhuru, na karo zetu wengi zimetoka kwenye magunia. Lakini mahindi yanataka mwenye shamba awepo. Unapanda Machi au Aprili, unavuna kuelekea mwisho wa mwaka, na katikati kijana ameshaenda chuo. Atalima kwa simu. Kila mtu anajua kilimo cha simu: mbolea inapungua njiani, palizi ya pili "imefanyika", na siku ya kuvuna magunia yanahesabiwa wewe ukiwa mbali. Tangu mwaka 2017 tuna viwavijeshi. Mwaka 2024 ikagunduliwa mbolea bandia imeuzwa kwa wakulima kupitia mpango wa ruzuku wa serikali yenyewe! Mkulima mwenye ekari kumi na ng'ombe watatu anaweza kumeza hasara ya ekari moja. Mwenye 24,000 pekee duniani hawezi.

Na forexi? Hapo nitasema maneno machache kwa sababu nikianza sitamaliza. Nchi yetu ina historia. Mnakumbuka kware? Mwaka 2013 na mapema 2014 Kenya nzima ilikuwa inafuga kware. Leseni zilitafutwa kwa idara ya wanyamapori, yai dogo kama gololi likauzwa bei ya kutisha, na waliopata faida ya kweli ni waliouza vifaranga kwa wafugaji wapya. Wafugaji walipokwisha, soko likaisha. Kabla ya hapo kulikuwa na zile piramidi: jopo la serikali lililochunguza mambo hayo liliripoti mwaka 2009 kwamba Wakenya zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Jirani zetu Tanzania mwaka huo huo walikuwa na DECI, watu "wakipanda mbegu" wakingoja kuvuna, mpaka serikali ikaingilia kati. Tazama lugha: mbegu, kuvuna, kuzalisha. Kila tapeli huongea Kiswahili cha mkulima.

Mahubiri ya "wekeza" ndiyo yanayofungua mlango. Kijana akishaaminishwa kwamba pesa kukaa bila kuzaa ni dhambi, atampa yeyote anayeahidi kuzizalisha. Na asilimia 10 kwa mwaka ikimpa 170 kwa mwezi, ataona ni upuuzi, atatafuta anayeahidi asilimia 10 kwa wiki. Umemfundisha njaa, halafu unashangaa amekula sumu.

Najua kuna mtu ameshaandika barua pepe kichwani mwake: "Na Safaricom je?" Haya, tuzungumze Safaricom, maana ndiyo hadithi tamu kuliko zote.

Mwaka 2008 serikali iliuza robo ya kampuni hiyo kwa umma, shilingi 5 kwa hisa, na kima cha chini cha kuomba kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Watu waliuza ng'ombe. Watu walichukua mikopo. Maombi yakazidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, kwa hiyo mwananchi wa kawaida akapewa takriban asilimia 21 ya alichoomba. Aliyeomba 2,000 alipata kama 420, za shilingi 2,100, nyingine akarudishiwa. Mwaka 2009 hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyekopa, na mkopo una tarehe, alilia. Aliyekuwa na pesa asizozihitaji akazisahau, na mwaka 2021 akaamka hisa imepita shilingi 40. Kisha ikashuka tena.

Mafunzo ni mawili. La kwanza: aliyeshinda si mwenye akili zaidi, ni yule ambaye hakuhitaji zile pesa muhula ujao. Mwanafunzi anazihitaji muhula ujao! La pili: hata huyo mshindi, zile hisa 420 kwa shilingi 40 ni 16,800. Weka na gawio la kila mwaka, bado ni bei ya laptopu moja kuukuu, baada ya miaka kumi na tatu. Nunua laptopu leo, hiyo miaka kumi na tatu uitumie kufanya kazi.

Sasa, sijasema azile zote. Hapa ndipo wahubiri watanisingizia, kwa hiyo naandika polepole.

Adui mkubwa wa mwanafunzi ni mkopo wa ghafla. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Kopa 2,000, unalipa 150 juu yake. Ukifanya hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima ni asilimia 90. Tisini! Sasa weka pamoja: yule aliyefungia akiba yake mahali ili ipate asilimia 10, halafu pesa za HELB zikachelewa akakopa kwa asilimia 90, huyo hajawekeza. Huyo amejenga bomba la kumwaga pesa, akaliita mfereji.

Na ukikosa hata senti za dharura, unauza vitu visivyouzwa. Agosti 2023 mlikuwa wapi? Mimi nilitazama picha za maelfu ya vijana wamepanga foleni KICC Nairobi ili Worldcoin wapige picha mboni za macho yao, wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha. Wengi walisema vijana ni wajinga. Hawakuwa wajinga, walikuwa hawana kitu. Mwenye elfu tano mfukoni angekuwa na nafasi ya kuuliza swali moja zaidi.

Kwa hiyo mpango niliomwandikia kijana ni huu:

1. Shilingi 17,000: laptopu kuukuu, zile za biashara zilizotumika maofisini ng'ambo. Si nzuri, ni ngumu. Uone ikiwaka mbele yako, ujaribu kila kitufe, uulize betri, upewe risiti.

2. Shilingi 5,000: dharura. Hizi ndizo ziende kwenye mfuko wa soko la fedha uliosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, unaoweza kutoa pesa haraka. Tunaziweka huko zisikae karibu na kidole, riba ni bahati nzuri tu.

3. Shilingi 2,000: bando na nauli za mwezi wa kwanza.

Dada yake aliposoma alisema, "Kumbe tunakubaliana." Kwa elfu tano, ndiyo. Kwa zile kumi na saba, hapana.

Pingamizi ninazozisikia ni tatu.

"Laptopu inashuka thamani." Ndiyo, inashuka kila siku. Jembe pia. Hakuna mkulima wa Naitiri au Ndalu aliyekataa kununua jembe kwa sababu litachakaa.

"Ataitumia kutazama filamu na kubashiri mpira." Inawezekana. Basi tatizo si pesa, na ekari ya mahindi haitamponya. Kipimo changu ni rahisi: kabla ya kununua, je, tayari unafanya kazi hiyo kwa shida? Huyu kijana amejifunza kuandika kurasa za wavuti kwa simu yenye kioo kilichopasuka na kwa kompyuta ya saiba kwa saa moja moja. Huyo anahitaji chombo. Ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja, asubiri.

"Si kila mtu ni wa kompyuta." Kweli kabisa! Kama unaenda Kitale National Polytechnic kusomea umeme, nunua mita na bisibisi nzuri. Kama ni ushonaji, cherehani. Kama ni uuguzi, kifaa chako mwenyewe cha kupima presha na viatu visivyoua miguu. Nasema chombo, yaani kitu kinachofanya saa yako moja iwe na bei kubwa kuliko jana.

Na kuwekeza? Kutakuja. Siku utakapolipwa mshahara, ukamaliza madeni, ukawa na miezi mitatu ya chakula pembeni, fungua akaunti. Bondi za serikali zinaanzia 50,000, na Benki Kuu imeziweka kwenye simu kupitia DhowCSD tangu 2023. Hakuna mlango unaofungwa ukifika na miaka ishirini na tano. Lakini mlango wa kujifunza kazi ukiwa bado unalishwa na mama, huo unafungwa, na hakuna riba inayoufungua tena.

Kwa hiyo ninyi wahubiri, nendeni mkawahubirie wenye mishahara, wapo wengi na pesa zao zimelala. Mwanafunzi mwacheni anunue jembe lake kwanza.