Mwizi Ana Wakili, Mkimbizi Hana

Nchini Marekani, tangu mwaka 1963, mtu asiye na fedha akishtakiwa kwa wizi mkubwa hupewa wakili wa bure. Mkimbizi aombaye hifadhi, ambaye hakuiba kitu, sheria yamwambia aweza kuwa na wakili, mradi serikali isigharimike. Haki gani hiyo? Mimi naona ni kumwambia mwenye njaa kuwa hoteli iko wazi. Upande wa pili amekaa mwanasheria alipwaye na serikali hiyo hiyo. Hata mtoto huweza kusimama peke yake mbele ya hakimu. Mwizi akishindwa kesi hufungwa. Mkimbizi hurudishwa kwa waliotaka kumwua. Mawakili wanaojitolea nawashukuru. Lakini uhai wa mtu usitegemee bahati ya kukutana nao.