Mzazi, usipeleke mutoto ku kasho. Ikaa naye chini

Ndugu vijana wa Kolwezi na Fungurume, na ninyi wazazi,

Kasulo nzima inajua pahali vijana wanavutia bangi. Jirani anajua, polisi anajua. Lakini siku harufu inaingia nyumbani, mzazi ana majibu mawili tu: fimbo, ao "nitakupeleka ku polisi!"

Tumeona hiyo polisi inazaa nini. Mtoto wa miaka 15 alilala kasho siku tatu pamoja na watu wazima. Mama yake akauza mali yote ya meza yake ya sokoni, akalipa "amande" bila risiti. Kijana alitoka na marafiki wapya, akavuta zaidi. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto iko wazi: chini ya miaka 14 hashitakiwi, toka 14 mpaka 18, kesi yake ni ya tribinali ya watoto, hapana ya komanda mwenye njaa.

Hatusemi bangi ni sombe. Ubongo wa kijana unajijenga mpaka karibu miaka 25. Anayeanza na 13 kumbukumbu inapunguka, masomo inamushinda, na kwa wengine wazimu unaamka. Mwambie hayo. Lakini uliza kwanza: unavuta na nani? Inakusaidia nini? Kisha nyamaza, usikie. Ukiona hasira inapanda, achia yaya ao mjomba aongee.

Mwenye kufanya kazi ku mashimo atakujibu: "Papa, bila ile siwezi kushuka." Hapo njo mazungumzo inaanza. Anaogopa shimo, na shimo alilifuata juu ya pesa ya masomo. Masomo ya bure ya tangu 2019 inaishia primeri! Sekondari tunalipa. Tunamufukuza mtoto darasani, kisha tunashangaa kumukuta kwa moshi.

Kodi ya Madini ya 2018 inaachia miji, komini na sekta zenye migodi asilimia 15 ya redevansi. Manika, Dilala: tunaomba infirmie mumoja kila komini, mwenye kufunzwa kusikiliza vijana na wazazi wao, kwa siri, bila polisi mulangoni. Kobalti inalipa hiyo kabla ya saa sita.

Na sisi wenyewe tuache kucheka. Mwenye kuuzia bangi mtoto wa shati nyeupe na suruali ya bulu ni mwenzetu wa kartie, tunamujua jina. Jumapili, mbele ya mechi, mumufuate muongee naye.