Bamba la ardhi linapozama: je, Kwai inahusika?

Tetemeko likitokea nchini, haichukui muda ujumbe huanza kusambaa kwenye simu: litarudi usiku huu, saa fulani. Je, wanasayansi wanaweza kujua saa ya tetemeko? Hapana. Tuone wanachokijua.

Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa ya mwamba yanayosogea sentimita chache tu kwa mwaka. Bamba lililo chini ya bahari hupoa kadiri linavyozeeka na kuwa zito. Likikutana na jingine, huinama na kuzama chini yake hadi kwenye koti la dunia, yaani tabaka lililo chini ya ganda. Mwamba wa huko ni mgumu, lakini kwa joto na muda mrefu hutiririka polepole, mithili ya lami juani.

Kwa kuwa hakuna aliyefika huko, wataalamu hutengeneza mfano kwenye kompyuta. Huingiza unene wa bamba, joto lake na ugumu wa mwamba, kisha kompyuta hukokotoa safari yake. Matokeo hulinganishwa na mawimbi ya matetemeko, ambayo hupita haraka zaidi kwenye mwamba uliopoa. Lakini mfano unaohesabu mamilioni ya miaka hauwezi kutaja saa ya usiku wa leo.

Na Kwai je? Chini ya Usambara leo hakuna bamba linalozama. Miamba ya milima hii iliiva kwa joto na mgandamizo chini sana ardhini, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana baada ya bahari iliyokuwa kati yao kufungika. Siku hizi Afrika Mashariki inavutwa na kuachana taratibu kwenye Bonde la Ufa. Matetemeko yetu mengi hutokana na mvutano huo, likiwemo la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9.

Hata hivyo, bamba linalozama mbali linaweza kutufikia kwa njia ya bahari. Desemba 26, 2004, tetemeko la Sumatra, Indonesia, lilizusha tsunami iliyovuka Bahari ya Hindi na kuua watu hadi pwani ya Tanzania.

Kwa hiyo msikilizaji, ujumbe unaotaja saa ya tetemeko usiusambaze. Taarifa za tsunami hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ukiwa ufukweni Tanga na bahari ikajivuta ghafla, kimbilia mahali pa juu. Huku mlimani, mtikisiko ukija wakati mvua imelowesha udongo, hofia zaidi maporomoko: kagua nyufa kwenye mteremko ulio juu ya nyumba, na ukiziona, hama kabla ya usiku na umjulishe mwenyekiti wa kitongoji.