Muungano ndio kizingiti cha katiba mpya Tanzania

Juhudi za kuipa Tanzania katiba mpya zilikwama kwa swali moja kuu: je, nchi mbili zilizoungana mwaka wa 1964 zitawaliwe na serikali ngapi?

Mnamo 2013, tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza tatu: ya Muungano, ya Tanzania Bara na ya Zanzibar. Waliotaka Zanzibar iwe na usemi zaidi waliunga mkono. Chama tawala, CCM, kilishikilia mbili, kikihofia Serikali ya Muungano ingebaki jina tupu.

Muungano wa upinzani, Ukawa, ulisusia Bunge Maalumu la Katiba Aprili 2014. Waliosalia walipitisha rasimu ya serikali mbili Oktoba mwaka huo. Kura ya maoni iliyopangiwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa, na raia hawajawahi kuipigia rasimu hiyo kura.

Kenya ilipitia mvutano wake, lakini wananchi ndio walioamua. Waliikataa rasimu mwaka wa 2005, wakaidhinisha nyingine mwaka wa 2010. CCM ina haki ya kuutetea Muungano. Hata hivyo, Muungano ambao wenyewe hawajaulizwa wanautakaje utazidi kuzua manung'uniko pande zote mbili.