JIOGRAFIA YA MAANDIKO: Bahari ya Visiwa Vingi

Mwezi huu twatazama bahari ya Aegea, ambayo Mtume Paulo aliivuka zaidi ya mara moja. Fungueni ramani iliyo mwisho wa Biblia. Magharibi na kaskazini mtaona nchi ya Wayunani, yaani Ugiriki. Mashariki ni Uturuki, ambako katika Maandiko palikuwa jimbo la Asia. Na kusini kisiwa cha Krete kimelala kama kizingiti mlangoni. Hivyo bahari hii imezungukwa na nchi karibu pande zote. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 214,000, yapata mara tatu ya Ziwa Viktoria.

Visiwa vyake, vikubwa kwa vidogo, vyapita elfu moja. Vingi ni vilele vya milima ya nchi iliyozama zamani sana. Ndiyo maana vina mawe mengi na maji machache. Lakini kwa mabaharia wa kale vilikuwa msaada mkubwa, kwa kuwa mara nyingi waliona kisiwa mbele yao kabla hawajapotewa na kile walichokiacha nyuma. Tena kaskazini-mashariki upo mlango mwembamba wa Dardaneli, ambao hata leo meli za ngano hupitia zikitoka Bahari Nyeusi.

Walimu, waonyesheni watoto jambo hili. Katika Matendo 16 Paulo na wenziwe walitoka Troa, wakafika Neapoli siku ya pili, wakaihubiri Injili Makedonia. Katika Matendo 20 safari ya kurudi Troa ilichukua siku tano. Bahari ni ile ile, lakini upepo hautumwi na mtu.

Kisiwa cha Patmo, alikotengwa Yohana, kina kilomita za mraba 34 tu. Wala watu wenye dhiki hawajakoma kufika katika visiwa hivi, au kuvikimbia. Wakati wa vita vya 1939–1945 Wagiriki wa Kio na Samo walikimbia vita na njaa, wakavuka kwa mashua kwenda Uturuki. Baadhi yao walipokewa hata Kongo na Tanganyika. Mwaka 2015 watu zaidi ya 800,000, wengi wakitoka Siria, Afganistani na Iraki, waliivuka kutoka Uturuki kuelekea Ugiriki. Mlango wa bahari kati ya Uturuki na kisiwa cha Lesbos una upana wa kilomita 10 hivi mahali penye wembamba. Hata hivyo mamia walizama mwaka ule. Wavuvi wa Lesbos waliacha nyavu zao wakawaopoa watu.

Basi tusiisome ramani hii kama habari ya kale tu. Aliyepokewa jana huenda kesho akawa mpokeaji. Na sisi tuliopokea Injili kwa mikono ya wageni twadaiwa ukarimu.

Maswali ya jioni nyumbani:
1. Kwa nini safari moja ilikuwa ya siku mbili, na nyingine siku tano?
2. Ni mgeni gani katika mtaa wetu ambaye bado hatujamkaribisha?