Maji Katika Tangi, Lawama kwa Dereva



Masika ya 2024, Nairobi ilipofurika, lori la mwenzetu mmoja lilimzimikia Kangemi, muda mfupi tu baada ya kutia dizeli. Tajiri wake akamkata mshahara kwa bei ya pampu na nozo. Sisi twasema hii si haki.

Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, hivyo hukaa chini ya tangi, pale pale bomba linapovuta. Huingia kwa mfuniko mbovu, au hutoka katika tangi la kituo lililo ardhini. Tena gari likilala na tangi nusu tupu, baridi ya usiku huku Uthiru na Dagoretti hugeuza unyevu wa hewa kuwa matone. Na nani huamuru gari lilale na mafuta kidogo, ati yasiibwe? Si dereva.

Sisi wa karakana ya reli twamjua adui huyu, maana injini zetu za dizeli anazisumbua vile vile. Gari likikohoa na kukosa nguvu, lizime. Usishindane nalo kwa starta: pampu na nozo hulainishwa na dizeli yenyewe, na maji huzila kwa kutu. Fungua kizibo cha chini cha chujio, kinga katika chupa ya kioo, ngoja. Maji yatajitenga chini. Kisha toa mafuta yote tangini, badili chujio, tia mafuta safi, toa hewa mabombani. Sigara mbali! Wala msimwage mtaroni, yataishia Mto Nairobi. Wako watiao spiriti tangini. Kwa petroli yenye matone machache yaweza kusaidia, lakini kwa dizeli ni kuongeza hasara.

Chupa ile isitupwe. Iandikwe tarehe, iletwe ofisi ya chama pamoja na risiti ya kituo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, humruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Dereva gani atie maji kwa makusudi katika gari linalomlisha? Adaiwe aliyeuza mafuta.

Mwenzetu yule aliitupa chupa, na risiti ililowa mfukoni. Dereva yeyote aliyezimikiwa na gari upande ule juma lile, na afike ofisini kabla hatujaonana na tajiri.